Viini vinne vya kasi au viini vinane vya zamani: kuchagua kompyuta ya magemu hapa Tabora

Vijana wa Tabora wanaotafuta kompyuta ya magemu huuliza kwanza prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, ina viini vingapi, zile sehemu zake zinazofanya kazi kila moja kivyake. Mimi huwaambia waanze na swali jingine: kiini kimoja cha prosesa hiyo kina kasi gani? Idadi ije baadaye. Ukigeuza utaratibu huo ni rahisi kurudi nyumbani Isevya na mashine kubwa, nzito, inayokula umeme, halafu gemu likawa linakwama kwako huku kwa jirani mwenye kikompyuta cha ofisini linateleza.

Nazungumzia mashine tunazozipata kweli. Kompyuta mpya ya magemu ni wachache wanaoimudu. Nyingi zilizopo ni mtumba: zimetolewa maofisini Ulaya na Marekani, zikashukia Kariakoo, zikaletwa huku kwa basi. Ni zile OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo, na mara mojamoja yale makasha makubwa ya kazi nzito kama HP Z420. Laptopu nazo zimo. Nimeziweka pamoja prosesa ambazo watu hubabaika kati yake:

| Prosesa | Mwaka | Viini / nyuzi | Kasi ya kawaida na ya juu (GHz) |
|---|---|---|---|
| Xeon E5-2670 | 2012 | 8 / 16 | 2.6 – 3.3 |
| Core i7-4770 | 2013 | 4 / 8 | 3.4 – 3.9 |
| Core i5-6500 | 2015 | 4 / 4 | 3.2 – 3.6 |
| Core i5-6500T | 2015 | 4 / 4 | 2.5 – 3.1 |
| Core i7-7500U (laptopu) | 2016 | 2 / 4 | 2.7 – 3.5 |
| Core i5-8500 | 2018 | 6 / 6 | 3.0 – 4.1 |

Nyuzi ni idadi ya kazi ambazo Windows inaweza kuzipeleka kwenye prosesa kwa wakati mmoja. Kiini chenye nyuzi mbili bado ni kiini kimoja. Uzi wa pili unatumia nafasi ambazo wa kwanza umeziacha wazi. Faida ipo, ila haifikii ya kiini kamili.

Kijana mmoja aliyekuja kuniomba ushauri alikuwa ameshaipenda ile Z420 yenye Xeon. "Kaka, viini vinane si ndiyo nimemaliza?" Nikamuuliza, "Mdogo wangu, unataka kucheza nini?" Akataja GTA V, Euro Truck Simulator 2 na gemu la mpira. Kwa orodha hiyo nikamwelekeza kwenye i5-8500. Sababu zangu zinaanzia kwenye namna fremu moja, yaani picha moja ya gemu kwenye kioo, inavyotengenezwa.

Milisekunde 16.7

Gemu linalokwenda fremu 60 kwa sekunde lina milisekunde 16.7 tu za kumaliza kila fremu. Likienda fremu 30 linapata milisekunde 33.3. Ndani ya muda huo prosesa isome ulichobonyeza, isogeze magari na watu, ikokotoe migongano, iamue adui anafanya nini, ishughulikie sauti, kisha iiandalie kadi ya picha maagizo ya kuchora. Baadhi ya kazi hizo zinaweza kwenda sambamba. Sauti haina haja ya kumsubiri adui. Nyingine zinafuatana. Huwezi kujua gari limegonga ukuta kabla hujalisogeza, wala huwezi kulichora kabla hujajua limeishia wapi. Mafundi wanane hawawezi kupiga plasta ukuta ambao haujajengwa.

Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alilionyesha jambo hili mwaka 1967, na hesabu yake ndiyo inayotajwa mpaka leo: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo. Kama nusu ya kazi haigawanyiki, hata ukiwa na viini elfu moja hutavuka kasi maradufu ya kiini kimoja.

Tuiweke kwenye gemu. Chukua fremu ambayo kiini kimoja kinaimaliza kwa milisekunde 24. Tuseme 14 kati ya hizo ni za kuyatafutia magari njia, kazi inayogawanyika vizuri, na 10 zilizobaki hazigawanyiki. Ukiwa na viini vinne, zile 14 zinakuwa 3.5, jumla 13.5. Umeshaingia kwenye fremu 60. Fanya viini viwe vinane: 14 zinakuwa 1.75, jumla 11.75. Umeongeza viini maradufu, umeokoa chini ya milisekunde mbili. Sasa rudi kwenye viini vinne, ila kila kimoja kiwe na kasi zaidi kwa asilimia 30: ile 13.5 inashuka hadi 10.4. Vinne vya kasi vimevipita vinane. Na hapo sijaweka gharama ya kugawa kazi na kusubiriana, ambayo hupanda kadiri viini vinavyoongezeka.

Jambo hili lilionekana sokoni waziwazi mwaka 2011. Kampuni ya AMD ilileta FX-8150 ikiuzwa kama prosesa ya viini vinane. Mshindani wake Intel ilikuwa na i5-2500K yenye vinne. Kwenye magemu mengi ya wakati ule ile ya vinne iliongoza, kwa sababu kila kiini chake kilifanya kazi zaidi ndani ya muda uleule, na viini vya FX vilikuwa vinatumia kwa pamoja, viwili viwili, sehemu ya kukokotoa namba za desimali. Xeon E5-2670 ya kwenye jedwali ina viini vya kizazi kilekile cha i5-2500K, ila vimeteremshwa kasi ili vinane vikae kwenye kasha moja bila kuungua. Kwa seva ni uamuzi mzuri sana. Kwa mchezaji wa Euro Truck Simulator 2, gemu la 2012 ambalo hutegemea zaidi kiini kimoja, viini vingi kati ya vile vinane vinakaa bure.

Kwa nini basi viini viliongezwa?

Kwa sababu ya joto. Miaka ya nyuma kasi ilikuwa inapanda tu kila mwaka, na mwandishi wa gemu alipata fremu zaidi bila kugusa programu yake. Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8 mwaka 2004, na Intel ikaifuta ile ya gigahezi 4 iliyokuwa imeahidiwa. Joto na umeme vilishakuwa vikubwa kuliko faida. Mwaka 2005 Intel na AMD zote zikaleta prosesa za viini viwili kwa kompyuta za mezani. Tangu hapo anayetaka kasi kubwa zaidi inabidi aigawe kazi yake mwenyewe.

Walioilazimisha dunia ya magemu kugawa kazi ni watengenezaji wa konsoli. Xbox 360 ya 2005 ilikuwa na viini vitatu. PlayStation 3 ya 2006 ilikuwa na kiini kikuu kimoja na visaidizi vinavyoprogramiwa kwa namna yake ya pekee, na wengi waliteseka nayo. Kisha 2013 PlayStation 4 ikaja na viini vinane vya gigahezi 1.6 tu, vya aina iliyofanana na ya laptopu ndogo. Kiini kimoja cha PS4 hakikuweza kulibeba gemu kubwa peke yake. Ukitaka gemu lako liende, uligawe, hakuna njia nyingine. PlayStation 5 na Xbox Series X za 2020 zina viini vinane pia, safari hii vyenye nguvu, kila kimoja na nyuzi mbili.

Ndiyo maana umri wa gemu unalopenda unaamua mashine. GTA San Andreas ya 2004 inataka kiini kimoja tu chenye afya. Karibu kila mashine ya kwenye jedwali inaitosha. GTA V ilipokuja kwenye kompyuta mwaka 2015, hata mahitaji yake ya chini yalikuwa Core 2 Quad Q6600, prosesa ya viini vinne. Mwaka 2014 Far Cry 4 na Dragon Age: Inquisition zilikuwa haziwaki kabisa kwenye prosesa yenye viini viwili visivyo na nyuzi za ziada. Cyberpunk 2077 ilitoka 2020 ikikubali i5-3570K ya viini vinne na nyuzi nne, lakini mwaka 2023 mahitaji yake ya chini yalipandishwa hadi i7-6700, viini vinne na nyuzi nane. Viini viwili, kwa magemu makubwa ya leo, usivifikirie.

Kuna jambo la tatu ambalo muuzaji halitaji kamwe: kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Kiini chenye kasi bado kinaweza kukaa kinasubiri data itoke kwenye RAM, kumbukumbu kuu iliyo nje ya prosesa. AMD ilipotoa Ryzen 7 5800X3D mwaka 2022 haikuongeza kiini hata kimoja juu ya 5800X, na kasi ya gigahezi ilishushwa kidogo. Iliongeza kumbukumbu hiyo kutoka megabaiti 32 hadi 96. Magemu mengi yakaruka juu. Huku kwetu prosesa hiyo ni ya kusoma habari zake tu kwa sasa, ila funzo lake linatuhusu: weka RAM vipande viwili vinavyolingana badala ya kimoja. Prosesa itapata njia mbili za kuchotea data, na kama unatumia picha za ndani ya prosesa bila kadi, utaiona tofauti siku hiyohiyo.

Mashine kwa mashine

Kwa anayecheza tu, i5-8500 ndiyo chaguo langu la kwanza kwenye jedwali. Viini sita vinatosha magemu yaliyoandikwa kwa ajili ya PS4, na kiini chake kimoja kikipanda hadi 4.1 kinakimbia kuliko vyote vya kwenye orodha hii. Ina picha za ndani, kwa hiyo unaweza kuanza bila kadi na kuinunua baadaye. Tena ndiyo pekee kati ya hizi sita ambayo Windows 11 inaikubali rasmi, na Windows 10 ilisimamishiwa matengenezo Oktoba 2025. Hilo la mwisho watu wanalipuuza, lakini kuna magemu ya mtandaoni ambayo programu zake za kuzuia udanganyifu hufuata toleo la Windows.

i7-4770 ni ya zamani ila bado ina pumzi, na nyuzi zake nane zinaisaidia kwenye magemu ambayo i5-6500 inaanza kukwama nayo. Kati ya hizo mbili, kama hali ya mashine ni sawa na bei ni sawa, mchezaji wa magemu mapya achukue i7-4770. Anayecheza ya zamani na anataka RAM ya DDR4 atakayohamia nayo baadaye achukue i5-6500. Tofauti ni ndogo, usigombane na mtu kwa ajili yake.

i5-6500T ina mtego wa herufi moja. Muuzaji anakwambia "i5 kizazi cha sita", na kweli ni hiyo. Lakini T inamaanisha imebanwa itumie wati 35 badala ya 65, na kasi imeshushwa kutoka 3.2 hadi 2.5. Kwa mwenye umeme wa jua au duka la kuchapa barua ni mashine nzuri sana, imetulia, haina kelele. Kwa magemu umelipia i5 ukapata pungufu. Herufi hiyo huioni kwenye stika ya nje. Fungua taarifa za mfumo kwenye Windows usome jina la prosesa mpaka mwisho.

Mtego wa laptopu ni mkubwa zaidi. i7-7500U ina stika inayong'aa ya i7 na ndani yake mna viini viwili tu. i5-8250U iliyokuja mwaka 2017, mwaka mmoja baadaye, ina vinne na nyuzi nane. Yaani kwenye laptopu za miaka ile, i5 ya kizazi cha nane inaiacha mbali i7 ya kizazi cha saba. Ninasikitika kila ninapoona mzazi ameuza magunia ya mpunga akamnunulia mwanawe wa chuo ile ya i7 kwa sababu namba ni kubwa.

Sasa Xeon. Haina picha za ndani, kwa hiyo bila kadi haiwaki kioo. Imepangiwa wati 115 dhidi ya 65 za i5-8500, na unaponunua umeme wa LUKU unaziona hizo wati. Faida yake ni kwamba kasha la Z420 lina pawa saplai yenye nguvu na nafasi ya kadi kubwa, wakati OptiPlex nyembamba inakubali kadi fupi tu isiyohitaji waya wa umeme, kama baadhi ya GTX 1650. Kama tayari una kadi kubwa mkononi, hesabu yako inaweza kubadilika. Na kama unatengeneza magemu badala ya kuyacheza, inabadilika kabisa, nitafika huko.

Mwenye kibanda cha gemu pale Ng'ambo au Kanyenye, mwenye mpango wa kuweka mashine kadhaa, asinunue moja yenye viini vingi akitumaini kuwagawia wateja. Anunue kadhaa za viini vinne au sita. Moja ikiharibika, nyingine zinaendelea kuingiza hela.

Halafu kuna vumbi letu. Kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, vumbi la Tabora linaingia kila mahali. Nimefungua mashine ambazo feni inazunguka lakini mapezi ya kipoza joto yamezibwa na tabaka la vumbi lililoshikana na nywele na nyuzi za kitambaa, hewa haipiti hata kidogo. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 inajishusha kasi yenyewe ili isiungue. Hapo i5-8500 yako ya 4.1 inacheza kwa 2 na kitu, na wewe unalilaumu gemu. Kupuliza vumbi na kubadilisha pesti ya kupitisha joto iliyo chini ya kipoza joto kunarudisha fremu nyingi kuliko kuongeza viini viwili, na gharama yake ni ndogo mno.

Kujua kama prosesa ndiyo inayokwama

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati gemu linacheza, uingie kwenye utendaji wa prosesa. Watu huona asilimia 25 wakasema "prosesa imepumzika, tatizo ni kadi". Kwenye prosesa ya nyuzi nne, asilimia 25 ndiyo kiini kimoja kizima kilichojaa. Kwenye nyuzi nane, kiini kilichoelemewa kinaonekana kama asilimia 12.5. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia uitake ionyeshe kila uzi peke yake. Hata hivyo Windows huihamisha kazi kutoka kiini hadi kiini, kwa hiyo huenda usione kimoja kimegonga juu. Jumla inayoganda karibu na 25 au 12.5 bila kupanda ni dalili tosha.

Kipimo kingine ni kushusha ukubwa wa picha, kwa mfano kutoka 1080 hadi 720. Fremu zikipanda, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki palepale, ni prosesa, na kununua kadi mpya itakuwa kutupa hela.

Na wakati mwingine si mashine kabisa. GTA Online ilikuwa inawachukua watu dakika nyingi kuingia, kiini kimoja kikiwa kimejaa na vingine vimelala. Mwaka 2021 mtu mmoja anayejiita t0st aliichunguza programu akakuta inasoma orodha ya bidhaa, faili la megabaiti 10 hivi, kwa njia mbovu inayopima urefu wa maandishi yote upya kila hatua. Alipoirekebisha kwenye mashine yake, dakika sita zikawa chini ya mbili. Rockstar, wenye gemu hilo, ilikubali, ikatoa marekebisho, na kumzawadia dola 10,000. Kwa miaka yote hiyo wachezaji walikuwa wanashauriana kununua prosesa.

Kwa wanaotengeneza magemu

Wapo vijana hapa wanaojifunza Godot na Unity, injini za kutengenezea magemu, wenyewe, usiku, kwa bando la usiku. Kwao chaguo si la mashine tu. Ni la namna ya kuandika.

Njia ya kwanza ni kuacha kila kitu kwenye uzi mmoja. Usiidharau. Gemu la kwanza la mtu, la pande mbili, lenye wahusika kumi na tano, halihitaji zaidi, na makosa yake yanaonekana na kurekebishika.

Njia ya pili ni kuipa kila idara uzi wake: picha huku, sauti kule, mantiki pale. Quake III Arena ya 1999 ilikuwa na mpangilio wa kuhamishia uchoraji kwenye prosesa ya pili, enzi ambazo mashine za prosesa mbili zilikuwa adimu. Tatizo la njia hii ni kwamba idara hazilingani. Mantiki inachukua milisekunde 10, sauti inachukua moja, na uzi wa sauti unakaa ukiungoja ule wa mantiki. Ukiwa na idara nne, kiini cha tano na cha sita havina kazi.

Njia ya tatu ni kuikata kazi vipande vidogo na kuviweka kwenye foleni moja, kila kiini kichukue kinachofuata kikimaliza cha kwanza. Watengenezaji wa magemu Naughty Dog ndivyo walivyofanya walipoihamisha The Last of Us kwenda PS4 mwaka 2014, wakaieleza hadharani mwaka uliofuata kwenye mkutano wa watengenezaji wa magemu. Leo injini zenyewe zimekurahisishia: Unity ina mfumo wake wa kazi pamoja na Burst, na Godot 4 ina WorkerThreadPool. Injini zote mbili zinakuwekea sharti lilelile: vitu vilivyomo kwenye mandhari viguswe na uzi mkuu tu. Kazi za pembeni zikokotoe namba, ziandike majibu, kisha uzi mkuu uyachukue. Kwenye Godot utatumia call_deferred kuyarudisha.

Hatari kubwa ni nyuzi mbili kuandika mahali pamoja. Mchezaji ana sarafu 50. Uzi wa kwanza unasoma 50, na wa pili unasoma 50 kabla wa kwanza hajaandika. Kila mmoja anaongeza moja na kuandika 51. Ziliokotwa sarafu mbili, imehesabiwa moja. Kosa hilo linatokea leo, kesho halitokei, na ukiweka mistari ya kulifuatilia linajificha kwa sababu umebadilisha muda. Ukiweka kufuli, kosa linaisha lakini nyuzi zinaanza kupanga foleni, na umerudi kwenye kiini kimoja kwa mlango wa nyuma. Dawa bora ni kuipa kila kazi nafasi yake ya kuandika kwenye safu, mtu asiguse ya mwenzake, halafu ujumlishe mwishoni. Hata hapo, kaunta za nyuzi tofauti zisikae jirani kwenye kumbukumbu: prosesa hizi huhamisha data kwa mafungu ya baiti 64, na nyuzi mbili zikiandika ndani ya fungu moja zitanyang'anyana bila wewe kuona popote kwenye programu.

Anayetumia Python na pygame ajue kwamba kwenye Python ya kawaida nyuzi haziharakishi hesabu. Uzi mmoja tu ndio unaoendesha maelekezo ya Python kwa wakati mmoja. Toleo 3.13 la mwaka 2024 lilileta muundo wa majaribio usio na kizuizi hicho, lakini wakati huo haukuwa wa kuutegemea kwa gemu unalotaka kulitoa kwa watu.

Kabla ya hayo yote, rudi kwenye mfano wangu wa magari. Kijana anayetengeneza gemu la bajaji na daladala za mjini ana magari 400 yanayotafuta njia, milisekunde 14. Badala ya kuyagawa kwa viini vinne, akokotoe magari 100 kwa fremu moja, 100 mengine fremu inayofuata. Gari linalotafuta njia mara 15 kwa sekunde badala ya 60 hakuna mchezaji atakayelijua. Milisekunde 14 zimekuwa 3.5, sawasawa na viini vinne, na hajaandika uzi hata mmoja. Na gemu hilo litakwenda hata kwenye laptopu ya viini viwili ya mteja wake, ambayo ndiyo iliyojaa mtaani.

Kwa mashine ya kufanyia kazi, hapa ndipo Xeon ya viini vinane inapopata heshima yake. Kukusanya (compile) programu ya C++ yenye mafaili mengi, kutengeneza picha kwa Blender, kukokotoa mwanga wa mandhari mapema: kazi hizi zinagawanyika karibu zote, na viini vinane vya zamani vinaweza kuvishinda sita vipya. Anayetumia Unreal au Blender kila siku aichukue, awe na kadi, na ajipange kwa umeme. Anayeanza na Godot, i5-6500 inamtosha kabisa. Yeyote kati yao awe na mashine dhaifu pembeni ya kujaribia.

Simu

Kwenye simu neno "viini vinane" ndilo linalopotosha zaidi. Prosesa ya simu ya Unisoc SC9863A ina vinane, vyote Cortex-A55, viini vidogo vya kubana betri. Unisoc T606 nayo ina vinane: sita ni A55 hizohizo na viwili ni A75, vinavyofanya kazi zaidi sana kwa kila gigahezi. Uzi mkuu wa gemu huwekwa kwenye kimoja cha hivyo viwili. Maboksi yote mawili yameandikwa vinane. Kwa gemu, chukua ya T606 bila kujiuliza.

Kabla hujalipa

Nenda na gemu lako kwenye flashi, lile unalolicheza kweli. Soma jina la prosesa mpaka herufi ya mwisho, ukiangalia T na U. Hakikisha RAM ni vipande viwili. Washa gemu, liache liende kama nusu saa huku umefungua ile grafu ya utendaji, uangalie kasi ya gigahezi. Mwanzoni itakuwa juu kwa mashine yoyote. Ikishuka baada ya dakika kumi na kubaki chini, kipoza joto kimeziba au pesti imekauka. Mwambie muuzaji asafishe kwanza ndipo mzungumze bei. Akikukatalia kuijaribu mashine kwa muda huo, nenda duka la pili.